Fimbo ya Amolo Juu ya Paa

Enos Wepukhulu hakuwahi kupanda paa la mtu kabla ya kuketi ndani ya nyumba. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote aliyokuwa fundi wa malalamiko katika nyumba za Kambi Mpya, upande ule wa Kisumu unaotazama barabara ya Nyamasaria. Alikuwa akifika na baiskeli yake, ngazi imefungwa ubavuni, akiiegemeza ukutani na kubisha hodi. Akishakaribishwa, aliketi kwenye kiti chochote alichopewa na kunyamaza. Wapangaji wageni walidhani anangoja chai. Kumbe alikuwa akitazama mahali beseni lilipowekwa, na jinsi kitanda kilivyosogezwa mbali na ukuta.

"Nyumba ikivuja," alizoea kusema, "vyombo vinahama kabla fundi hajafika."

Alikuwa mtu wa Kimilili, mtoto wa mjenzi wa nyumba za nyasi. Useremala alijifunza misheni, na Kisumu alikuja kabla ya Uhuru, akafanya kazi ya kutengeneza makasha bandarini hadi ofisi ya nyumba ilipomchukua. Mkewe, Nabalayo, alilima maharagwe kila mahali palipokuwa na udongo na pasipokuwa na mwenyewe. Binti yao wa kwanza aliitwa Nabwire, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Enos Baba Nabwire, na wengi hawakujua kama ana jina lingine.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mwenye nyumba iliyoharibika alikwenda asubuhi kwenye dirisha la ofisi, akaeleza shida yake, karani akaandika, na mkubwa wa ofisi, Mzee Shitanda, akatia sahihi. Kisha karatasi ilimfikia Enos. Tatizo ni kwamba watu hulalamika mvua ikinyesha, na fundi hutumwa jua likiwaka. Tundu la paa juani halionekani. Basi Enos alipanda na kopo la maji, akawa anamimina kidogokidogo juu ya mabati, na mwenye nyumba akisimama chini ndani, uso juu, akipaza sauti, "Sio hapo, Baba Nabwire, rudi nyuma... hapo, hapo, umenipiga jichoni." Majirani walitoka kutazama. Ilikuwa sinema yetu ya bure.

Mwaka wa 1971, mvua za masika zilipoanza, karatasi ya nyumba ya Lornah ilimfikia.

Lornah, Mama Tom, alikuwa mke wa mtu wa Asembo aitwaye Amolo. Amolo alikuwa akifanya kazi Uganda, kwenye kiwanda cha sukari, akirudi kila Krismasi na zawadi na hadithi. Mwishoni mwa mwaka 1970 serikali ya kule iliwaambia wafanyakazi wa Kenya warudi kwao. Walirudi kwa mabasi na magari ya moshi, wengine na masanduku, wengine na nguo za mwilini tu, na Lornah alikwenda kituoni kuwapokea kila aliposikia kuna waliofika. Aliwauliza. Mmoja alisema alimwona Amolo Jinja. Mwingine alisema Amolo alitangulia. Kisha waliorudi wakaisha, na Amolo hakuwamo.

Lornah aliendelea kuuza samaki soko la Kibuye, ngege ambao shemeji yake Ogola, mdogo wake Amolo, alimletea kutoka ufukweni Asembo. Mtoto wao, Tom, alikuwa akisoma huko kwa bibi yake. Nyumba ya Kambi Mpya ilikuwa imeandikwa jina la Amolo, na juu ya paa lake kulikuwa na fimbo.

Amolo mwenyewe ndiye aliyeisimamisha, siku walipohamia. Kwao Ujaluoni, nyumba ya mwanamume huwa na fimbo iliyochongoka ikisimama kileleni mwa paa, nao huiita osuri. Ikisimama, mwenye nyumba yu hai. Akifa, huondolewa, na kila apitaye njiani hutazama paa na kujua bila kuuliza. Wazee walimcheka Amolo kwa kuweka kitu kama hicho kwenye nyumba ya kupanga. Alijibu kwamba bado hajajenga boma lake Asembo, na mtu hawezi kungoja uzee ndipo nyumba yake iwe na kichwa. Alitoboa kofia ya bati inayofunika mgongo wa paa, akapitisha fimbo, akaifunga kwenye boriti. Baadaye, aliponunua redio, aliona haina maana kusimamisha mti mwingine. Akafunga waya wa redio kwenye fimbo ile ile.

Waya huo ndio uliomponza Enos.

Siku aliyokwenda, Lornah alikuwa sokoni, na ufunguo alikuwa nao jirani, Maximilla, mjane kutoka Samia mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Enos aliketi ndani kama kawaida yake. Aliona beseni katikati ya sebule. Alipanda, akaona waya, akaona mti, akaona tundu lililoachwa wazi kuuzunguka, na akasema moyoni kwamba watu wa redio ndio wanaotuharibia mabati. Kwao Kimilili pia fimbo hiyo ipo kwenye nyumba za nyasi. Angeiona juu ya nyasi angeijua mara moja. Juu ya bati, na waya wa redio shingoni, hakuitambua. Aliufungua waya, akang'oa mti, akashuka nao na kuulaza majanini.

Maximilla alikuwa akifua. Aliinua macho, akaona paa halina kitu. Aliangusha nguo, akatia mikono kichwani, akapiga yowe.

Yowe la msiba halihitaji maelezo. Kabla Enos hajafika juu na bati lake jipya, wanawake walikuwa wakija kutoka kila mlango, leso zimefungwa kiunoni, na wanaume nyuma yao wakibeba viti. Mtu alikuwa tayari amewasha moto wa chai. Aliyeuliza habari zimetoka wapi alijibiwa, "Huoni paa?" Enos alisimama katikati ya kilio asijue ni nani aliyekufa, akavua kofia kwa heshima, akaanza kuwapa watu pole.

Lornah alisikia tangu barabarani. Alitupa karai la samaki, akakimbia. Watu walimpisha. Alitazama paa, akatazama fimbo iliyolala majanini, kisha akamtazama Enos.

"Nani amekuletea habari?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

Hapo ndipo Enos alipoelewa.

"Hakuna mtu, Mama. Nilidhani ni ya redio."

Kilio kilikatika kama kitambaa kilichochanwa. Mzee mmoja aliyekuwa ameshaketi alitaka kuinuka, akaona aibu, akabaki ameketi. Lornah alifunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Alipoondoa leso macho yalikuwa yamelowa.

"Basi rudisha," alisema. "Rudisha sasa, hawa wote wakiona."

Enos alipanda, akaichomeka fimbo kwa haraka. Watu walikunywa chai, kwa kuwa chai ilikuwa imeshachemka, wakaomba dua ya kumwombea Amolo safari njema popote alipo, wakarudi makwao na viti vyao. Maximilla hakupiga yowe tena kwa muda mrefu, hata nyoka alipoingia jikoni kwake.

Lakini fimbo iliyorudishwa kwa haraka ilipanua tundu. Mvua iliyofuata beseni moja halikutosha.

Tangu siku ile Lornah alikuwa mpangaji wa ajabu kuliko wote. Kila mvua kubwa iliponyesha alikwenda dirishani kulalamika. Kila Enos alipotumwa, Lornah alimkaribisha, akampa kiti, akampa chai ya maziwa, na akamkataza kupanda. Hakumkasirikia. Walikaa wakasikiliza matone yakilia kwenye beseni, wakazungumza habari za bei ya unga na watoto. Kisha Enos alirudi ofisini na kusema paa halikutengenezwa.

"Anakataa nini huyu?" aliuliza Mzee Shitanda.

Enos alimweleza. Mzee Shitanda, ambaye kwao ni Kakamega, alivua miwani akaifuta.

"Najua ile ni kitu gani, Enos. Kwetu pia iko. Lakini kanuni hazikuandikwa na mama yangu. Juu ya paa hakuwekwi kitu, na mpangaji hakatazi fundi. Boriti ikioza nitaulizwa mimi. Mwambie akubali atengenezewe, au atafute nyumba nyingine."

Enos aliyabeba maneno hayo siku kadhaa kabla ya kuyatua. Alipoyatua, Lornah alisikiliza hadi mwisho, akachovya mkono kwenye beseni, akakung'uta maji.

"Nikihama, akirudi atanipata wapi?" alisema. "Anajua mlango huu. Na fimbo ikishuka, hata akirudi, atarudi mahali ambapo alishakufa. Wewe ungeingia, Baba Nabwire?"

Enos aliomba ruhusa ya kupanda ndani tu, juu ya meza, aguse boriti. Kidole chake kilizama katika mbao kama katika ndizi mbivu. Alishuka akamwambia ukweli, kwamba mvua za vuli zikija mgongo wa paa utaanguka, na fimbo nayo itaanguka. Lornah alikaa kitako. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyechoka.

Ogola naye hakumsaidia. Alikuwa mwanamume mnene wa maneno mengi, kila Jumamosi akija na vikapu vya samaki, na kila akija alitazama paa kabla ya kusalimu. "Shemeji, bado unafuga ule mti?" Hakuwa na ubaya. Mama yao, kule Asembo, alikuwa amekaa na machozi ambayo hayajaruhusiwa kutoka, kwa sababu fimbo ya mwanawe bado imesimama Kisumu, na hakuna anayemlilia mtu ambaye fimbo yake imesimama. Ogola aliona bora ishushwe, watu walie, wamalize. Lornah alimwambia kwamba wanaotaka kumaliza waanze na samaki wao walioharibika.

Enos alifikiri jambo hilo akiwa kitandani, akiwa juu ya mapaa ya watu wengine, akiwa kanisani. Jibu lilimjia akimsikiliza Nabalayo akilalamika kwamba kuku hataki kutoka kwenye mayai hata wakati wa kubadilisha nyasi za kiota, ikabidi amwinue kidogo kwa mkono mmoja, atandike kwa mwingine. Alikumbuka baba yake akiezeka upya nyumba ya mtu aliye hai. Walifanyaje na fimbo? Haikuwekwa chini. Mwenye nyumba mwenyewe aliishika wima mkononi, juu, mpaka nyasi zilipokwisha, kisha akaichomeka kwa mkono wake.

Alikwenda kwa Lornah siku hiyo hiyo. Fimbo inayolala ndiyo iliyokufa, alimwambia. Iliyosimama mkononi imesimama. Kwao ni hivyo. Kwa Wajaluo je? Lornah alisema hajui, lakini aliona ni maneno yenye akili. Ila mwenye nyumba hayupo, na yeye mwanamke hapandi paa la mumewe. Huo ni mwiko hata mjini.

"Damu ya mwenye nyumba ipo," alisema Enos. "Inakuja Jumamosi na samaki."

Lornah alicheka mpaka akashika ukuta. Ogola! Ogola anayetaka ing'olewe!

Jumamosi ilipofika walimweleza. Ogola aliweka vikapu chini, akatazama paa, akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayeuziwa ng'ombe kilema.

"Mnataka mimi nishike kitu ambacho nasema kitupwe."

"Saa moja tu, Bwana Ogola," alisema Enos. "Paa lisimwangukie mama wa mtoto wenu."

"Saa moja. Na nikishuka nataka samaki wa kukaanga, na sio hawa wangu."

Alipanda akiwa na fulana, ngazi ikilia chini yake. Enos aliweka ubao juu ya mapao, Ogola akasimama juu yake, akashika fimbo kwa mikono miwili. Enos akakata kamba ya zamani. Fimbo ikawa mikononi mwa Ogola, wima, juu ya nyumba iliyofunguliwa mgongo.

Majirani walikuwa wameshajaa. Waliuliza kama ofisi imeanza kusimamisha watu badala ya nguzo za stima. Maximilla aliwaambia wanyamaze, kisha yeye mwenyewe akamwambia Ogola avute tumbo ndani, anamnyima fundi mwanga.

Boriti ilikuwa imeoza kuliko Enos alivyodhani. Saa moja ilipita, na nyingine. Jua lilimpiga Ogola shingoni. Halafu upepo ukageuka kutoka ziwani, mawingu yakapanda juu ya bandari, na mvua ikaonekana ikija, nyeupe, ikifuta paa moja baada ya jingine. Watu walikimbilia vibarazani. Enos alivuta turubai.

"Shuka, Bwana Ogola," alisema. "Tutafunika. Fimbo tuilaze chini ya turubai kidogo, mvua ikiisha tuendelee. Hakuna mtu atakayeona."

Ogola hakusogea. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni.

"Siwezi kumlaza," alisema.

Enos alimtazama. Kisha akaitandika turubai kuzunguka miguu ya Ogola, akapiga magoti chini yake, akaendelea kupigilia misumari gizani kwa kupapasa. Chini ndani, Lornah alisimama na uso juu, maji yakimwingia machoni, na hakusema hapo wala sio hapo.

Mvua ilipokatika boriti mpya ilikuwa mahali pake. Enos alikuwa ametengeneza kola ya bati na kuizungushia lami, na Ogola mwenyewe ndiye aliyeishusha fimbo katika tundu lake, taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani. Vidole vyake vilikataa kufunguka. Ilibidi Enos avifungue kimoja kimoja. Ogola alishuka, akala samaki, na Jumamosi zote zilizofuata alisalimu kwanza ndipo akatazama paa.

Mzee Shitanda alikuja kukagua kwa miguu, mwavuli mkononi. Alizunguka nyumba. Aliinua macho.

"Mama Tom, ile juu ni nini?"

"Ni ya redio, Mzee."

"Na hiyo redio inafanya kazi?"

"Inangoja betri."

Mzee Shitanda alitikisa kichwa polepole, akatia sahihi kwamba paa limetengenezwa, akaenda zake.

Miaka ikapita juu ya paa hilo na halikuvuja. Mwaka wa 1974 mtu aitwaye Wakhisi alibisha mlango wa Lornah. Alikuwa amefanya kazi kiwanda kimoja na Amolo, na alibaki Uganda kwa kuwa alioa huko. Alimwambia kwamba Amolo alishikwa na homa wiki ile ile ya kuondoka, akiwa ameshafunga sanduku, na kwamba yeye Wakhisi na wengine walimzika chini ya miti nyuma ya makazi ya wafanyakazi, wakamwimbia. Alikuwa akitafuta nyumba hii tangu alipovuka mpaka. Alisema aliitambua kwa fimbo. Amolo alikuwa akijisifu kwamba mjini Kisumu kote ni yeye pekee mwenye nyumba yenye kichwa.

Lornah alimpikia mgeni. Alimtandikia alale. Asubuhi alivaa nguo yake ya kanisani, akaenda kwenye dirisha la ofisi, akasimama kwenye foleni nyuma ya mtu wa bomba lililopasuka. Zamu yake ilipofika, karani akachukua kalamu.

"Kuna kitu juu ya paa langu ambacho kanuni hairuhusu," alisema Lornah. "Nataka kitolewe."

Mzee Shitanda alisikia kutoka mezani kwake. Aliinuka, akaja dirishani. Alimwambia karani asiandike. Alikwenda mwenyewe stoo kumwita Enos.

Walingoja Ogola afike kutoka Asembo na mama yake. Enos aliketi ndani kwanza, kama alivyofanya siku zote, ingawa hapakuwa na beseni la kutazama. Kisha walipanda wawili. Ogola aliifungua fimbo, akaishika wima muda kidogo, akashuka nayo, akailaza majanini. Maximilla alimtazama Lornah. Lornah akaitikia kwa kichwa. Ndipo Maximilla alipofungua sauti yake, na mama wa Asembo akaipokea, na viti vikaanza kuja.

Enos alibaki juu akiziba tundu. Ni kazi ya dakika chache, lakini aliifanya kwa muda mrefu, akipaka lami na kuilainisha kwa kidole, mpaka kilio kilipotulia kikawa wimbo.

Mvua iliyofuata alipitia na baiskeli yake bila kutumwa. Alimkuta Lornah mlangoni akichambua omena, wale dagaa wa ziwani.

"Inavuja, Mama Tom?"

"Haivuji, Baba Nabwire. Ingia ukae."

Aliingia, akaketi. Redio ilikuwa juu ya meza, imefutwa vumbi, ikisema kwa sauti ya chini, na waya wake umefungwa kwenye msumari wa dirisha. Enos aliutazama waya huo.

"Umenunua betri," alisema.

"Nimenunua."

Aliinuka, akaukaza waya kidogo ili sauti isikatike, akarudi kitini kungoja chai.